Hapana na Sababu Yake

Easter Mwikali alikuwa na sauti. Si ya kwaya, ingawa kwaya aliimba. Ni sauti ya kuamrisha, inayovuka shamba la muhogo na kumfikia mtu aliyejificha upande wa pili. Pale Ganda, mtoto akizembea njiani na mtungi wa maji, mama yake alimwambia tu kwamba Mama Fokei anamwona. Mtoto alikimbia.

Jina hilo la Mama Fokei lilitokana na chama cha 4K, kwa Kiingereza cha watu "fo-kei", chama cha vijana wa mashambani chenye zile K nne: Kuungana, Kufanya, Kusaidia, Kenya. Jina jingine la mama hakulipata, maana yeye na mumewe Simeon hawakujaliwa mtoto. Miaka ya kwanza alililia jambo hilo, kisha akaacha kulia mbele za watu. Watu wa Ganda wana adabu zao, hawakumuuliza.

Alizaliwa Mwingi, huko Ukambani, akafundishwa cherehani misheni, akaolewa na Simeon, akamfuata pwani alikopata kazi ya kutunza bustani za hoteli. Kwanza walipanga chumba Shella, Malindi mjini, na Easter akaweka cherehani yake barazani mwa duka la vitambaa la Pranlal. Kisha Simeon akapata kazi nzuri zaidi hoteli ya Kikambala, akawa anarudi mapumzikoni tu, nao wakapata kipande cha ardhi Ganda wakajenga. Asubuhi Easter alikwenda mjini kushona. Alasiri alirudi na kutafuta mtu wa kumsahihisha.

Uongozi wa chama aliupata akiwa na pini mdomoni. Bwana shamba alikuja barazani na suruali iliyochanika mahali pabaya, akasubiri nyuma ya pazia amejifunga leso ya kuazima, na kwa kuwa mwanamume aliyevaa leso hana la kujivunia, akaanza kumwaga malalamiko yake. Chama cha vijana cha Ganda kilikuwa kinakufa. Mwalimu aliyekisimamia alikuwa amehamishwa, na vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda walikuwa wanashinda wakitazamana. Easter akatoa pini mdomoni, akasema atakisimamia yeye. Bwana shamba akadhani ni utani wa mafundi. Jumamosi ile ile alipita Ganda akawakuta vijana wamepangwa mstari, majembe begani, na Easter anawakagua kucha.

Walikutana kwenye kibanda cha zamani cha kukaushia mbata, mali ya Mzee Randu, ambaye pia aliwaazima shamba lililokuwa ubavuni mwake. Nazi zilikuwa hazikaushwi tena pale, lakini harufu ilibaki, na kila mwanachama alirudi kwao ananukia mafuta. Vijana walikaa jamvini. Kiti kilikuwa kimoja tu, cha mbao, ambacho Easter alikileta kutoka kwake amekibeba kichwani. Akakikalia yeye.

Alichokitaka katika kazi ile kilijulikana na kila mtu, kwani alikisema kila juma. Chuo cha wakulima cha Mtwapa kilikuwa kinafanya kozi ya vijana viongozi, na chama chenye shamba la kupendeza kiliruhusiwa kumpeleka kijana mmoja. Easter alitaka kijana kutoka Ganda aende, avae beji ya chuo, arudi aweze kusimama mbele ya chifu na mkuu wa wilaya aseme jambo likasikika. Kijana wake. Neno hilo "wake" hakulitamka, lakini nasi si vipofu.

Basi angewafunzaje uongozi? Aliwafunza kwa kuufanya yeye. Mwenyekiti wa chama alikuwa Kombe, kijana mrefu, mpole, aliyesema polepole kwa kuwa alifikiri kwanza. Kombe alisimama, akakohoa, akasema, "Ndugu wanachama, leo tuna..." na Easter akamdakia, "Leo tuna kazi ya mashimo, shikeni majembe." Mwaka mzima Kombe hakuwahi kuifikisha sentensi mwisho. Kulikuwa na katibu pia, Idah, binti Mzee Randu, msichana mwembamba mwenye macho ya kuuliza. Huyo aliandika aliyoyasema Easter, akamsomea Easter, na Easter akampongeza kwa kusikia vizuri.

Easter alimpenda Idah kuliko wote. Alimpeleka barazani kwa Pranlal kumfunza kushona tundu za vifungo, akampikia isyo, yale mahindi na maharagwe ya kwao, akamsuka nywele. Kashmira, mke wa Pranlal, siku moja aliuliza kama huyo ni bintiye. Easter hakujibu upesi, na Kashmira, mwanamke mwenye busara, akauliza bei ya limau sokoni.

Sasa tuje kwenye ile hadithi ya mahindi, ambayo Ganda wanaicheka hadi leo.

Bwana shamba aliwaletea mbegu bora, akasema shamba lao likipendeza, nafasi ya Mtwapa ni yao. Ilikuwa mwezi wa kumi. Easter alishusha gunia, akatazama mbingu, akatoa amri: tunapanda vuli hii. Kwao Mwingi, mvua ya kumlisha mtu ni hiyo ya Novemba. Ya Aprili inapita tu kusalimia. Mtu wa Mwingi asiyepanda kabla ya Novemba huitwa mvivu, na mama yake huona haya kanisani. Easter alikuwa ameona kwamba Wagiriama wa Ganda hawahangaiki sana na vuli, nao mahindi yao huyaweka masika. Alidhani ni uvivu, akawasamehe kimoyomoyo, akaamua chama chake kitawaonyesha mfano.

Vijana walitazamana. Kisha wakasema, "Haya, mama," wakachimba. Walichimba mashimo mazuri, yamenyooka kwa kamba, wakatia samadi, wakapanda mbegu yote, hata konzi moja hawakubakiza.

Mvua ikanyesha. Easter alitembea katikati ya mistari akiimba tenzi za Kikamba. Mahindi yakaota, yakafika magotini, na hapo mvua ikaaga. Vuli ya pwani ndivyo ilivyo, hukupa bilauri ukadhani umepewa kisima. Likaja jua la Januari. Majani yakajikunja, yakawa ya manjano, yakawa karatasi. Vijana walichota maji kisimani kwa debe kuokoa yaliyo karibu, na mbuzi wa Mzee Randu wakamaliza yaliyo mbali. Bwana shamba alikuja, akasimama ukingoni mwa shamba, akavua kofia kama mtu aliyefika matangani. Nafasi ya Mtwapa safari hiyo ikaenda chama kingine.

Jumamosi iliyofuata Easter alikaa kwenye kiti chake, macho mekundu, akauliza wamekosea wapi. Samadi ilikuwa haitoshi? Mashimo yalikuwa mafupi? Kombe alitazama jamvi. Mwishowe Idah akasimama, mikono nyuma.

"Mama, tulijua."

"Mlijua nini?"

"Tangu siku ya kuchimba. Vuli ya huku si ya kuwekea mahindi. Hata mtoto wa Ganda analijua hilo."

Easter akauliza, kwa sauti ambayo safari hii haikuvuka hata mlango wa kibanda, mbona basi hawakusema.

"Mama," alisema Idah, naye karibu alie, "wewe ni mtu mzima. Tungekubishia vipi?"

Alikasirika. Nisiseme uongo kumpamba, alikasirika hasa, akawaambia wamemwacha atembee uchi mbele ya watu, akaondoka na kiti chake kichwani. Juma zima alishona vibaya barazani, hadi Kashmira akamwambia kwa upole kwamba anashona kama anayegombana na kitambaa. Simeon aliporudi kutoka Kikambala alimweleza yote akitegemea kuhurumiwa, na Simeon, Mungu amsamehe, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema hata kule hotelini meneja huwaamuru wapande maua ya kwao Ulaya kando ya bahari, nao husema ndiyo bwana, wanapanda, yanakufa, wanapanda tena. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chumvi itayaua.

Easter akauliza mbona hawamwambii.

"Hajawahi kutuuliza," alisema Simeon. "Na akituuliza, huwa ameshajibu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko. Aliyatafuna siku kadhaa. Alikumbuka Kombe akikohoa, akikatwa kalima, akikaa chini. Alikumbuka "haya, mama" zote alizozipokea kama zawadi. Akaona aibu, na kwa kuwa Easter hakuwa mtu wa kukaa na aibu bure, akaitafutia kazi.

Jumamosi akarudi na kiti. Akatangaza utaratibu mpya, ambao nadhani hakuna chama kingine cha vijana pwani nzima kilichokuwa nao. Kila juma atateuliwa mbishi. Kazi ya mbishi ni kumwambia Mama Easter hapana, angalau mara moja, juu ya jambo lolote aliloamua. Lazima amwamkie kwanza, maana adabu haikufutwa. Lazima atoe sababu. Hapana isiyo na sababu ni kiburi tu. Na akianza kusema, Easter afunge mdomo mpaka amalize.

Mbishi wa kwanza alikuwa Kombe. Easter alisema leo watapalilia magugu yaliyobaki shambani. Kombe akasimama, jasho likimtoka.

"Shikamoo, mama. Hapana." Akameza mate. "Samahani. Ni kweli, tupalilie."

Kibanda kizima kilivunjika mbavu, na Easter akacheka pamoja nao mpaka akafuta machozi. Lakini alimwambia Kombe abaki amesimama, akangoja. Alingoja kwa taabu, akiuma ulimi, ndivyo alivyosimulia baadaye. Na baada ya kukohoa sana Kombe akasema kwamba ardhi imelowa kwa mvua ya ghafla ya jana, wakipalilia leo magugu yatashika upya, afadhali wangoje ikauke kidogo. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kufika mwisho mbele ya Easter. Palizi ikaahirishwa.

Haikuwa rahisi. Kuna msichana aliyebisha kwamba Jumamosi isiwe Jumamosi. Kuna juma ambalo Easter alinuna waziwazi, na mbishi akaomba radhi, na Kombe akamkumbusha Easter kwa heshima zote kwamba kununa pia ni kumkata mtu kalima. Lakini polepole wakazoea. Wakamfunza kupanda kunde na mihogo pale ambapo yeye angeng'ang'ania mahindi. Wakamwambia majira ya kweli ya kutia mbegu ni masika, akazipata mbegu nyingine kwa bwana shamba, ambaye alimpa kwa shingo upande, akazifungia kabatini mpaka wao waseme sasa.

Kisha Mzee Randu akaja kibandani na fimbo yake. Easter alipomwona mlangoni alihofia kufukuzwa, kwa kuwa kibanda ni cha mzee na shamba ni la mzee. Akamwamkia, akamtolea kiti. Mzee akakataa kukaa. Akasema amekuja kuuliza binti yake anafunzwa nini huku, maana alitaka kukata mkorosho ulio nyuma ya jiko achome makaa, na Idah akamwambia hapana.

"Alikuambiaje, Baba Idah?"

"Aliniamkia. Akaniletea maji ya kunywa. Ndipo akanikataza. Ati mti ule ndio unaozuia upepo wa kusi usiezue paa la jiko."

Easter aliuliza, kwa tahadhari, mti ukoje sasa.

"Mti upo," alisema mzee. Akachora chini kwa fimbo. "Nimeutazama tangu jana. Kweli unazuia. Sasa nimekuja kukasirika, na sina pa kukasirikia."

Akaondoka zake. Hakulidai shamba lake, na jioni Idah alikuta mzee amemwekea kipande cha samaki.

Masika ya mwaka huo yalikuja vizuri. Vijana waliposema sasa, Easter alifungua kabati. Mahindi yalisimama meusi kwa afya, yakampita Kombe urefu, na Kombe si mfupi. Bwana shamba alikuja akazunguka shamba bila kuvua kofia. Akasema nafasi ya Mtwapa ni yao, na kwamba jina alipate Jumatatu.

Easter hakulala vizuri kwa furaha. Jina alikuwa nalo. Alishamshonea Idah sketi ya kijani na blauzi, zikakaa zimekunjwa chini ya cherehani tangu wakati mahindi yakiwa madogo. Alishamwona akishuka kwenye basi Mtwapa. Alishamwona akirudi na beji. Jumamosi akaketi kitini, akasema kwa sauti yake ile ya zamani kwamba kila mtu anajua ni nani atakwenda, atakwenda Idah, na sasa waendelee na habari za kuvuna.

Mbishi wa juma hilo alikuwa Idah.

Akasimama, mikono nyuma, kama siku ile ya mahindi yaliyokufa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapana."

Easter akafungua mdomo. Akaufunga.

"Sababu yangu ni kwamba umenichagua kwa kuwa unanipenda," alisema Idah. Sauti ilimtetemeka, lakini hakukaa. "Nami nakupenda, mama. Lakini watu watasema chama hiki ni cha mtoto wa Mama Easter. Chama hakijaulizwa. Naomba kiulizwe, na naomba wewe utoke nje, kwa sababu ukiwapo watatazama uso wako."

Easter alitamani kusema kwamba yeye ndiye aliyekifufua chama hiki, kwamba ile sketi imeshashonwa, kwamba hajawahi katika maisha yake kutolewa nje na mtoto. Zote zilikuwa kweli, na hata moja haikuwa sababu. Akainuka, akatoka.

Alisimama kando ya mihogo, amewapa mgongo. Ndani alisikia sauti ya Kombe, kisha ya Idah, kisha ubishi, kisha kicheko. Mara kadhaa miguu ilitaka kurudi yenyewe. Alijikuta anang'oa magugu yasiyokuwapo. Uchungu ulimpanda kifuani, ule wa zamani, aliodhani ameuzika Shella, uchungu wa mwanamke anayesimama nje ya nyumba yenye watoto. Ukamshika vilivyo. Halafu akasikia mtu ndani akisema hapana, kwa sababu, na mwingine akamjibu hapana, kwa sababu, na hakuna aliyemkata mwenzake kalima. Akatega sikio. Wote walikuwa wanaongea kama yeye alivyowafunza, na wala hawakumhitaji. Akajifuta uso kwa ncha ya leso.

Wakamwita.

Aliingia akakuta Idah amekaa kwenye kiti, maana kikao kilihitaji wa kukiongoza na Kombe hakuweza kuendelea kukiongoza zamu ya kujadili jina lake ilipofika. Idah akasema wamemchagua Kombe. Alisema, walipotaka kukata tamaa mahindi yalipokufa, ni Kombe aliyepita nyumba hadi nyumba kuwarudisha, wakati Mama yuko mjini anashona kwa hasira. Hilo Mama hakulijua. Alisema Kombe ataifunza Ganda nzima akirudi, maana yeye hufikiri kabla ya kusema. Aliyasema yote akitabasamu, lakini Easter alimjua. Aliona vidole vyake vinavyovuta pindo la kanga, akajua kwamba mtoto huyu alikuwa ameitaka Mtwapa kwa moyo wote.

Alitaka kumkumbatia pale pale. Alitaka kubisha pia. Alitafuta sababu ya kusema hapana, akaitafuta kwa bidii, asiipate.

Idah akakumbuka adabu. Akainuka upesi, akapangusa kiti kwa kiganja, akakisogeza mbele.

"Kaa, mama."

"Hapana," alisema Easter.

Vijana wakamwangalia. Walingoja sababu, kama haki yao.

"Kwa sababu kikao hakijafungwa, na anayekiongoza ni wewe."

Idah akakaa tena, taratibu. Easter akavua viatu, akaketi jamvini kati ya Kombe na ukuta, akakunja miguu yake ambayo haikuzoea. Kulikuwa na habari ya kuvuna bado, na kuhusu kuvuna alikuwa na mengi ya kusema. Akanyoosha mkono, akangoja apewe ruhusa.